Jiko la udongo, makaa ya vifuu na kapu la sufi: kipi kinaokoa makaa Mombasa?

Kipimo kizuri cha jiko lolote Mombasa ni sufuria ya mbaazi. Chai huchemka juu ya moto wowote, na wali huiva kabla makaa hayajapungua. Mbaazi kavu ndizo zinazokaa motoni saa baada ya saa, kabla hata tui halijatiwa, na nyumba inayokula mbaazi na mahamri asubuhi inajua vizuri mkebe wa makaa unakwenda wapi. Kwa hiyo tumeviangalia vitu vitatu kwa hesabu ya sufuria hiyo: jiko la bati lenye udongo ndani, makaa yaliyotengenezwa kwa vifuu vya nazi, na kapu la kuivishia chakula bila moto, lililojazwa sufi, yaani pamba ya mti wa msufi. Vyote vitatu huuzwa kwa ahadi ya kupunguza makaa. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila kila kimoja kina masharti ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa.

Uamuzi wetu tunautoa mapema. Mwenye pesa ya kitu kimoja anunue kapu. Akiwa na pesa ya viwili aongeze jiko, na alichague kwa makini. Makaa ya vifuu yakiwa mazuri ni mazuri kweli, lakini yakiwa mabaya ni hasara tupu, na mabaya ni mengi.

Jambo lenyewe si la mfuko peke yake. Makaa yanayochomwa mjini hutoka kwenye miti ya Kwale, Kilifi, Tana River na Taita Taveta, na mikoko ya hori la Tudor imekatwa kwa miaka mingi kwa kuni na kwa boriti. Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya makaa ilipanda, na aliyekuwa akipikia jiko la bati tupu ndiye aliyeumia zaidi.

Jiko la udongo

Umbo lake linajulikana Kenya nzima. Ni bati lililobanwa kiunoni, pana chini ili lisipinduke, pana juu ili lipokee sufuria. Ndani ya nusu ya juu mna chungu cha udongo uliochomwa, chenye matundu ya kupitisha hewa na kuangusha jivu. Muundo huu ulitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand, ila hapa udongo uliwekwa juu tu, mahali penye moto, na jiko likawa jepesi na la bei nafuu. Jiko la bati tupu hutoa joto ubavuni. Anayepika huhisi miguu ikiungua, na joto hilo lote limeikosa sufuria. Chungu hulizuia. Jiko la udongo lililotengenezwa vizuri hupunguza makaa kwa kiasi cha robo hadi theluthi, ukililinganisha na la bati tupu.

Lakini majiko mengi yanayopangwa barabarani hayakutengenezwa vizuri. Kabla ya kununua, ligonge chungu kwa fundo la kidole. Kilichochomwa vyema hulia kwa sauti kali kama bakuli. Chenye ufa au kisichoiva hutoa sauti ya kufa. Kisha lowesha kidole, usugue ndani. Udongo ukitoka na kupaka kidole, chungu hakikufikia moto wa kutosha na kitamomonyoka kabla ya mwezi. Tazama rangi pia: iwe moja pande zote. Doa jeusi kubwa upande mmoja maana yake moto wa tanuri haukufika hapo.

Geuza jiko, utazame mahali chungu kinapokutana na bati. Hapo pawe na saruji iliyochanganywa na kitu chepesi cha kuzuia joto, iliyojazwa mzunguko mzima bila mwanya. Saruji tupu ni ngumu mno: bati hutanuka kwa joto kuliko udongo, saruji haiwapi nafasi, na ufa wa kwanza huanzia hapo. Usipoona saruji kabisa, ukaona chungu kimepachikwa tu, liache jiko hilo. Likiinamishwa chungu kitatoka, na makaa ya moto yatamwagikia miguuni.

Kwa Mombasa lipo jambo la ziada ambalo mnunuzi wa bara halimsumbui sana, nalo ni chumvi ya hewa. Bati jembamba linaloingia ndani ukilibonyeza kwa dole gumba halitadumu karibu na bahari. Rangi haisaidii, kwani huungua siku ya kwanza. Kinachosaidia ni bati nene, kumwaga jivu kila siku, na kuliweka jiko juu ya matofali badala ya sakafu inayolowa. Jivu hunyonya unyevu, na likilala ndani usiku kucha msimu wa mvua za mwaka, mlango na sakafu ya jiko hutoboka kwanza.

Jiko jipya lisiwashwe moto mkubwa siku ya kwanza. Lianike siku mbili tatu, kisha liwashie makaa machache, kiasi cha kiganja, hadi yazime yenyewe. Maji yaliyobaki ndani ya saruji yakichemka kwa ghafla hupasua chungu. Baada ya hapo makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kuzima makaa kwa kuyamwagia maji ndani ya jiko. Udongo wa moto ukipata maji baridi hupasuka, na hilo ndilo linaloua majiko mengi kuliko kutu. Yatoe kwa koleo, uyatie ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko. Yatazima kwa kukosa hewa na kesho yatawaka tena. La pili ni kujaza makaa hadi sufuria inayalalia. Hewa haipiti, moto unafifia, mpishi anapepea, makaa yanakwisha bila faida. Yaishie chini kidogo ya vile vyuma vitatu vinavyobeba sufuria.

Na mlango una kazi. Uwe wazi wakati wa kuwasha na kuchemsha. Mbaazi zikianza kutokota, ufunge hadi ubaki mwanya wa kidole kimoja. Anayeuacha wazi muda wote ananunua jiko la udongo na kulitumia kama la bati. Ukikuta mlango uliokatwa vibaya, usiofunga, chagua lingine. Fundi akikuambia si kitu, usikubali.

Makaa ya vifuu

Kila anayekuna nazi kwa mbuzi huacha vifuu viwili, na penye mashine za kukunia sokoni vifuu hujaa magunia. Kifuu kikavu ni kigumu na kizito kwa ukubwa wake, hivyo makaa yake yana nguvu. Dafu halifai kwa kazi hii: ngozi yake imejaa maji, kifuu chake bado laini, na hukauka kwa muda mrefu. Anayekuuzia makaa “ya madafu” akueleze vizuri ameyafanyaje.

Yanavyotengenezwa ndivyo yanavyojulikana ubora wake, kwa hiyo kazi yenyewe tunaieleza kwa urefu kidogo. Vifuu vikavu, vilivyotolewa makumbi, hutiwa kidogo kidogo juu ya moto ndani ya pipa la lita 200. Mwanzo hutoka moshi mweupe, mzito. Ukipungua na kugeuka mwepesi wa buluu, pipa hufunikwa, kingo huzibwa kwa udongo mbichi, na huachwa usiku mzima. Anayefungua mapema hukuta makaa yanawaka upya, na asubuhi amebaki na jivu. Kilo 10 za vifuu hutoa kiasi cha kilo 2 na nusu hadi 3 za makaa. Haya hutwangwa na kuchekechwa. Kwa kila kilo 10 za unga wa makaa hupikwa uji wa gramu 500 za unga wa muhogo kwa lita 4 hivi za maji, ukachanganywa hadi ukifinyanga konzi moja inashikana bila kutiririka. Hushindiliwa kwenye mashine au kopo, huanikwa kivulini siku ya kwanza yasipasuke, kisha juani siku tatu hadi tano, yakigeuzwa.

Sasa tazama kinachoharibika. Vifuu visivyoungua sawasawa vikitwangwa na vingine, makaa hutoa moshi na harufu kali inayoingia kwenye chakula. Muhogo ukizidi, hutoa moshi wa mwanzo na huvutia ukungu. Ukipungua, hubomoka mkobani. Na udongo, ambao ukitiwa kidogo hupunguza kasi ya moto, huongezwa na baadhi ya wauzaji kwa sababu ni mzito na haugharimu kitu. Hapo unanunua udongo kwa bei ya makaa.

Chukua donge moja, uliangushe sakafuni kutoka kiunoni. Likivunjika vipande viwili si tatizo, likisambaratika, liache. Livunje kwa mkono usikie: kavu hukatika kwa mlio, lenye maji hupinda kwanza. Ndani liwe jeusi kamili, lisiwe na kahawia wala chembe za mchanga. Kisha nunua kilo moja tu, uichome yote, na upime jivu kwa mizani ya jikoni. Sisi huyakataa yanayoacha zaidi ya gramu 100 kwa kilo. Jivu zuri ni jepesi, la kijivu au jeupe. Likibaki na umbo la donge lilelile, jekundu kama tofali, hilo ni udongo uliochomwa.

Bei usiilinganishe kwa kilo. Ilinganishe kwa sufuria: pima makaa kabla ya kupika, pima yaliyobaki baada ya kuyazima kwenye mkebe, na ufanye hivyo kwa mbaazi kiasi kilekile, kwa makaa ya miti na kwa ya vifuu. Siku mbili za hesabu hii zinafundisha kuliko maneno yote ya muuzaji.

Yakiwa mazuri, makaa ya vifuu huchelewa kushika lakini yakishika hukaa. Yawashe kwa kipande kimoja cha kifuu kikavu juu ya makumbi yaliyochambuliwa, nje, kwa sababu kifuu ambacho hakijageuzwa makaa kina moshi mwingi. Moshi ukikwisha ndipo uliingize jiko penye hewa. Joto lake ni la utulivu. Kwa mbaazi, supu na biriani hatuna la kuyalaumu. Kwa mkate wa kumimina, unaopaliwa makaa juu ya kifuniko, ni bora kuliko ya miti, kwani hayarushi cheche wala hayafi katikati na kuacha uso mweupe. Kwa mahamri hatuyapendekezi peke yake. Mahamri yanataka mafuta yaliyopata moto na yanayorudi moto haraka kila yakitiwa mapya. Moto wa taratibu huyanywesha mafuta. Changanya nusu kwa nusu na makaa ya miti.

Yahifadhi ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kilichoyashikanisha ni uji wa muhogo, na unyevu wa Pwani huulainisha; gunia lililowekwa sakafuni mwezi wa Mei litakupa unga.

Kutokuwa na moshi kusimdanganye mtu. Makaa yoyote, ya miti au ya vifuu, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini kwa sababu yake. Jiko lenye makaa hata mekundu kidogo lisiingizwe chumba cha kulala, lisifungiwe jikoni madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mvua.

Kapu la sufi

Hiki ndicho kitu tulichokipenda zaidi, na ndicho kinachodharauliwa, kwa kuwa kinaonekana ni kapu tu. Wazo lake ni kwamba mbaazi zikishafika kwenye mchemko hazihitaji moto tena, zinahitaji joto lisipotee. Sufuria hutolewa jikoni ikitokota, hufunikwa, hutumbukizwa ndani ya kapu lililojazwa kitu cha kuzuia joto, hufunikwa kwa mto mnene, na huiva yenyewe. Makaa ambayo yangewaka saa mbili yanawaka nusu saa.

La kununua likaguliwe unene. Kati ya sufuria na ukuta wa kapu pawe na sentimita 7 kwa uchache, 10 ni bora, chini na pande zote, na mto wa juu usiwe mwembamba kuliko pande, kwani joto hupanda. Makapu mengi ya kuuza yana pande nene na kifuniko cha kitambaa kitupu, hilo halifai. Ndani hujazwa sifongo ya magodoro, nguo kuukuu, makumbi yaliyochambuliwa au sufi. Sifongo hushika joto lakini mvuke wa moto huitoa harufu. Makumbi ni mazuri yakichambuliwa laini. Sufi tunaiweka juu ya vyote: ni nyepesi, imejaa hewa, hainyonyi maji kirahisi, na Pwani imejaza mito tangu zamani.

Kulitengeneza mwenyewe si kazi ngumu. Kwa sufuria ya kipenyo cha sentimita 25, tafuta kapu la miyaa la kipenyo cha sentimita 45 na kimo cha 40. Tandika sufi chini hadi sentimita 10 ikiwa imebanwa, weka sufuria katikati, jaza pande kwa mkono hadi ikumbatiwe. Shona mfuko wa kanga kuukuu wa kushika sufi isimwagike, na juu yake kitambaa cha pili kinachotoka, cha kufuliwa. Mto wa kufunikia ujae hadi ulale juu ya kifuniko bila mwanya. Sufi yote haizidi kilo mbili.

Mbaazi nusu kilo zioshwe na kulowekwa usiku kucha. Maji ya kulowekea yamwagwe, zitiwe mapya yazipite kwa vidole viwili, kwa sababu ndani ya kapu maji hayapungui kama jikoni. Sufuria ijae angalau robo tatu. Sufuria kubwa yenye chakula kidogo hupoa upesi, na hili ndilo kosa la kawaida zaidi. Watu hulilaumu kapu. Zichemshe kwa nguvu dakika 25, kifuniko kikiwa juu, kisha uihamishe bila kufunua. Futa chini ya sufuria na utazame kama kaa la moto limenasa, kwani sufi inashika moto. Iache saa tatu hadi nne. Ukifunua katikati kuonja, umeruhusu joto litoke, na lazima uirudishe jikoni ichemke tena.

Maharagwe mekundu ni lazima yachemke kwa nguvu kabla ya kuingia kapuni, dakika zisizopungua 10, na sisi twayapa 30. Yana sumu inayoharibiwa na mchemko tu, na joto la kapu peke yake haliitoi. Wali ni rahisi: kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji, uchemke dakika tano, ukae kapuni dakika 45.

Tui lisiingie kapuni. Chakula chenye tui huchacha upesi kwa joto letu, na tui zito likikaa limefunikwa hukatika. Mbaazi zikitoka zimeiva, rudisha jikoni, zichemke kwa tui jepesi, kisha malizia na zito ukikoroga, bila kufunika. Na baada ya saa nne sufuria iwe bado ya moto kiasi cha kuunguza kidole. Ukiikuta vuguvugu, ichemshe papo hapo, na uongeze unene wa kapu kabla ya kulitumia tena.

Mbaazi zikikataa kulainika hata hivyo, tazama maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji mengi ya visima vyake ni mazito kwa chokaa, mengine yana chumvi. Chokaa hiyo hukaza ganda la nafaka za jamii ya kunde. Loweka na upike kwa maji ya mfereji au ya mvua, na ya kisima yaoshee vyombo. Robo kijiko cha chai cha magadi kwa nusu kilo husaidia. Zaidi ya hapo ladha inaharibika. Mbaazi zilizokaa ghalani mwaka na zaidi ni ngumu kwa maji yoyote, kwa hiyo muulize muuzaji wa msimu upi.

Kapu lianikwe juani kila baada ya kutumika. Mvuke huingia kwenye sufi hata ukiwa mwangalifu, na sufi mbichi haizuii joto, huota ukungu. Mtaa unaopikia harusi na matanga pamoja ungefanya vyema kuwa na kapu moja kubwa la pamoja, kwa sababu sufuria kubwa iliyojaa hutunza joto kuliko ndogo, na moto unaookolewa hapo ni wa magunia.

Linabaki jivu. Wengi hushauri litiwe bustanini, lakini udongo wa matumbawe wa kisiwani tayari una chokaa nyingi, na jivu huzidisha. Mchicha hugeuka manjano. Kidogo kwenye shimo la taka za jikoni linatosha. Lingine lichekeche, ulichanganye na maji hadi liwe zito, na usugulie masufuria kwa makumbi. Hutoa masizi ya chini vizuri, na sufuria safi chini haipaki kitambaa cha kapu.